Ovakloki ya prosesa

Ovakloki ni kuiendesha prosesa ya kompyuta kwa kasi kubwa kuliko iliyopangwa na kiwanda. Hufanywa zaidi kwenye kompyuta za mezani, kwa kuwa makasha yake yana nafasi ya feni na kipoza joto kikubwa. Lengo ni kupunguza muda wa kazi nzito kama kuhariri video, kuchora ramani za nyumba na kucheza michezo ya kompyuta. Makala hii inaeleza kanuni, vifaa na hatua kwa anayeanza, kwa kuzingatia mazingira ya Makambako, mji wa mkoa wa Njombe ambako baridi, vumbi na hali ya umeme huamua sehemu kubwa ya matokeo.

Kanuni

Prosesa hufanya kazi kwa mapigo. Gigahezi 1 ni mapigo bilioni 1 kwa sekunde. Kasi hupatikana kwa kuzidisha namba mbili: mapigo ya msingi ya ubao mama, ambayo kwa kompyuta nyingi za leo ni megahezi 100, na kizidishi cha prosesa. Kizidishi cha 36 hutoa gigahezi 3.6, kikipandishwa hadi 40, hutoa gigahezi 4.0.

Kasi inapopanda, transista huhitaji volti zaidi ili ziwahi kila pigo. Umeme unaoliwa na prosesa hukua sawia na kasi, lakini hukua pia kwa kipeo cha pili cha volti. Ukiongeza kasi kwa asilimia 10 na volti kwa asilimia 10, matumizi ya umeme hupanda kwa takriban asilimia 33, na karibu umeme wote huo hugeuka joto. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ya ovakloki ni kuondoa joto.

Prosesa mbili za jina moja hazifikii kasi ile ile. Tofauti ndogo zinazotokea kiwandani huifanya moja ikubali gigahezi 4.6 na nyingine igome mapema. Namba za mwingine ni mwongozo tu, kila mashine hupimwa peke yake.

Historia

Katika miaka ya 1990 wapenzi wa kompyuta walibadilisha kasi kwa kuhamisha vibanio vidogo kwenye ubao mama. Mfano unaokumbukwa zaidi ni Intel Celeron 300A ya mwaka 1998, prosesa ya bei nafuu iliyouzwa ikiwa na megahezi 300. Mapigo ya msingi yalipopandishwa kutoka megahezi 66 hadi 100, nyingi zilifika megahezi 450 bila matatizo.

Viwanda navyo vilianza kufunga vizidishi. Tangu mwaka 2011 Intel imeacha wazi hasa prosesa zenye herufi K mwishoni mwa jina, kama Core i7-2600K. AMD ilipotoa Ryzen mwaka 2017 iliacha wazi karibu aina zote za mezani. Mwishoni mwa mwaka 2022 wataalamu waliifikisha Core i9-13900K gigahezi 9 kwa kuipoza na heliamu ya kimiminika, jaribio la maabara lisilohusiana na matumizi ya kila siku.

Prosesa za kisasa hujipandisha kasi zenyewe zinapopata ubaridi na umeme wa kutosha. Intel ilianza kutumia mfumo huo mwaka 2008, na kwa sababu hiyo faida ya ovakloki ya mkono leo ni ndogo kuliko zamani.

Mashine zinazofaa

Sharti la kwanza ni prosesa iliyo wazi, la pili ni ubao mama unaoruhusu. Kwa Intel hutafutwa ubao wa familia ya Z, kama Z170 au Z690. Kwa Ryzen za kwanza, mbao za B350, B450 na X370 zinaruhusu, A320 hairuhusu.

Kompyuta nyingi za mezani zinazotumika kwenye steshenari, ofisi na shule nchini Tanzania ni mitumba iliyotoka ng'ambo: Dell OptiPlex, HP ProDesk, Lenovo ThinkCentre. Kwa kawaida hizi zina prosesa zilizofungwa, ubao mama usio na mipangilio ya kasi, na pawa saplai ndogo. Anayetaka kujua afungue programu ya CPU-Z, ambayo ni ya bure, asome jina la prosesa na la ubao mama kabla ya kutumia hata shilingi moja.

Mazingira ya Makambako

Makambako iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, mahali barabara ya Njombe na Songea inapoachana na barabara kuu ya Dar es Salaam na Mbeya. Baridi yake ni msaada wa kweli. Joto la prosesa hufuata joto la chumba karibu nyuzi kwa nyuzi: chumba chenye nyuzi 15 huipa prosesa nafuu ya takriban nyuzi 15 kuliko chumba cha Dar es Salaam chenye nyuzi 30. Hata hivyo hewa ya nyanda za juu ni nyepesi, pungufu kwa karibu asilimia 15 kuliko ya pwani, kwa hiyo feni huondoa joto pungufu kuliko inavyotarajiwa. Faida ya baridi hubaki, ila haiji yote.

Upepo wa kiangazi huleta vumbi, na vumbi likijaa kwenye mapezi ya kipoza joto hufuta faida yote. Kasha lisafishwe kwa brashi laini na hewa ya kupuliza, na feni ishikwe isizunguke wakati wa kusafisha.

Umeme nao unahitaji kinga. Kukatika ghafla wakati wa kubadilisha mipangilio kunaweza kuharibu mafaili, na radi za masika huunguza vifaa. UPS, yaani betri ya akiba, yenye kidhibiti volti ni ya lazima, na mvua ya radi ikianza, kompyuta ichomolewe ukutani. Gharama pia ihesabiwe: wati 55 za ziada kwa saa 8 kila siku ni karibu yuniti 13 za LUKU kwa mwezi.

Hatua kwa anayeanza

1. Hifadhi nakala ya mafaili yote muhimu nje ya kompyuta hiyo.

2. Safisha kasha, futa pesti ya joto iliyokauka, paka mpya, kaza kipoza joto sawasawa.

3. Pima hali ya mwanzo. Endesha programu ya kupima kasi ya Cinebench, andika alama, na usome joto kwa programu ya HWiNFO. Kama prosesa tayari inapita nyuzi 85, rekebisha upozaji kwanza.

4. Ingia BIOS, yaani mipangilio ya ubao mama, kwa kawaida kwa kubonyeza Delete au F2 kompyuta inapowaka. Andika au piga picha mipangilio ya awali.

5. Pandisha kizidishi kwa 1 tu, ambayo ni megahezi 100. Hifadhi, washa, kisha jaribu kwa dakika 15 kwa Cinebench au programu ya majaribio ya OCCT.

6. Rudia hadi kompyuta igande, ijizime au ionyeshe kosa. Hapo rudi hatua moja nyuma, au ongeza volti kidogo sana, kati ya 0.01 na 0.025. Kwa prosesa nyingi za miaka ya 2015 hadi 2020, anayeanza asivuke volti 1.35.

7. Ukishapata kasi unayoitaka, endesha jaribio la mzigo kwa saa kadhaa. Joto libaki chini ya nyuzi 85.

Kompyuta ikikataa kuwaka, zima, chomoa umeme, toa betri ndogo ya CR2032 kwenye ubao mama kwa dakika chache, kisha irudishe. Mipangilio ya kiwanda itarejea.

Hatari

Prosesa nyingi hujipunguza kasi zenyewe zikikaribia nyuzi 95 au 100, kwa hiyo joto pekee ni nadra kuua. Volti iliyozidi huua polepole. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba volti ya juu ilikuwa ikiharibu baadhi ya prosesa zake za kizazi cha 13 na 14, ikatoa marekebisho ya programu na kurefusha dhamana kwa miaka miwili. Ovakloki ya mkono mara nyingi hufuta dhamana, na mitumba huuzwa bila dhamana au kwa dhamana fupi sana.

Pale ovakloki isipowezekana

Mwenye mashine iliyofungwa ana njia bora zaidi. Kubadilisha diski ya kuzunguka kwa SSD hufanya kompyuta iwake na kufungua mafaili kwa sehemu ndogo ya muda wa awali. Kuongeza RAM kutoka gigabaiti 4 hadi 8 au 16 huondoa kukwama kunakosababishwa na programu nyingi kufunguliwa pamoja. Pesti mpya na feni safi hurudisha kasi iliyopotea kwa joto.

Kwa kompyuta nyingi za Makambako, fedha za kipoza joto kikubwa hufaa zaidi zikinunua SSD na UPS. Ovakloki ianze baada ya hayo kukamilika, kwenye mashine iliyo wazi, na kwa hatua ndogo zinazopimwa moja baada ya nyingine.