Kutoka Kalenga hadi Kombora la Vijibomu



Nilipokuwa kidato cha tatu, mwalimu wetu wa historia alitupeleka Kalenga, karibu na Iringa, ambako Wajerumani wa Gavana von Schele waliliteka boma la Mtwa Mkwawa tarehe 30 Oktoba 1894. Nilimwuliza, "Mwalimu, mizinga michache huwezaje kushinda watu wengi?" Akanijibu, "Kasome." Nilisoma hata Chuo Kikuu, na leo, nikiwa mtumishi wa Serikali hapa Mbeya, nalipa deni lile.

Mwaka 1784 Mwingereza Henry Shrapnel, ofisa wa mizinga, alianza majaribio ya kujaza risasi nyingi ndani ya kombora pamoja na baruti kidogo, ili lipasuke angani mbele ya adui. Jeshi lake lililikubali mwaka 1803, likalitumia Suriname mwaka 1804. Kombora moja likawa sawa na bunduki nyingi. Lakini risasi zake, zikishaanguka, zilikuwa vipande vya madini tu.

Wamarekani walivuka mpaka huo. Badala ya risasi waliweka vijibomu, kila kimoja na kiwashio chake. Kombora lao la milimita 105 lilibeba vijibomu 18, nalo lilianza kutumika vitani Vietnam mwaka 1968. Baadaye kombora la milimita 155 likabeba 88.

Hapo ndipo hesabu ya mafundi ilipoharibika. Kombora la kawaida lisipolipuka, huacha hatari moja. La vijibomu huacha nyingi, hasa penye matope na matawi ya miti, tena ndogo kiasi cha mtoto kuziokota. Kusini mwa Lebanon, baada ya vita vya mwaka 2006, wakulima waliogopa kuingia katika mashamba yao wenyewe.

Kwa sababu hiyo mataifa yalikubaliana Dublin, Mei 2008, kuzipiga marufuku silaha hizi. Tarehe 3 Desemba 2008, mjini Oslo, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizotia saini.

Wadogo zangu, katika maabara ya shule yetu watatoka mafundi wa kesho. Kila mtakapounda kitu, msiulize tu kikifanya kazi kitaleta nini. Ulizeni pia: kisipofanya kazi, nani atakikuta shambani?