Mstari Barabarani, Theluji Juu Yake

Mwaka 1911, Edward Hines, mjumbe wa bodi ya barabara ya Wayne County katika jimbo la Michigan, Marekani, aliagiza mstari mweupe uchorwe katikati ya River Road, Trenton. Husimuliwa kwamba alipata wazo hilo baada ya kuona gari la maziwa likivuja njiani. Lakini Michigan huanguka theluji nyingi, na mstari usioonekana haumsaidii dereva yeyote.

Tangu hapo wahandisi wa nchi za baridi wamepambana na maadui wawili: maji na chuma.

Usiku, rangi pekee haitoshi. Ndiyo maana hunyunyiziwa shanga za kioo, ndogo kama punje za mchanga. Mwanga wa taa za gari huingia ndani ya shanga, hupinda, hugonga rangi iliyo nyuma yake, kisha humrudia dereva. Utando wa maji ukizifunika, mwanga huo huteleza na kwenda mbele, na dereva huona lami nyeusi tupu.

Mwingereza Percy Shaw wa Halifax alilijibu tatizo hilo mwaka 1934 kwa “macho ya paka”: vioo vilivyopachikwa kwenye mpira, ndani ya kikombe cha chuma. Tairi likivikanyaga, mpira hubonyea na kuvifuta kwa maji ya mvua yaliyokusanyika chini yake. Huo, kwangu, ndio uvumbuzi bora kuliko wote wa barabarani, maana mvua yenyewe ilifanywa mtumishi.

Chuma ni adui mkali zaidi. California ilibandika vidude vya mviringo vilivyotokana na utafiti wa Elbert Botts, lakini katika maeneo yasiyo na theluji tu, kwa kuwa vyuma vya magari ya kuondoa theluji huving’oa. Rangi nayo hukwanguliwa na vyuma hivyohivyo, na huko Skandinavia tairi zenye misumari huisaga.

Basi mstari ukashushwa. Lami huchongwa mfereji usio na kina kirefu, rangi ikalala chini ya usawa wa barabara, na chuma kikapita juu bila kuigusa. Kwingine rangi hupakwa juu ya vijishimo vya kutikisa tairi. Kuta zake zilizoinama humwaga maji, nazo hubaki ziking’aa mvuani.

Theluji ikizidi, hata mfereji haufai kitu. Wanorwe husimamisha vigingi virefu kando ya barabara kabla ya majira ya baridi, ili dereva wa gari la kuondoa theluji ajue lami inaishia wapi. Huko Hokkaido, Japani, mishale yenye mistari myekundu na myeupe huning’inizwa juu ya nguzo, ikielekeza chini kwenye ukingo wa barabara uliofukiwa.