Feni ya kompyuta na hewa ya Nakuru: historia fupi

Leo tuache programu kidogo tuongee kuhusu feni. Ndiyo, feni. Wengi huku kwetu husema Nakuru ina baridi, kwa hiyo kompyuta haihitaji upepo mwingi. Huo ni ukweli nusu, na historia yake inafundisha.

IBM ilipotoa PC yake mwaka 1981, feni ilikuwa ndani ya pawa saplai tu. Prosesa yenyewe, Intel 8088 ya megahetzi 4.77, ilikaa uchi bila hata kipande cha alumini juu yake. Pentium za kwanza za mwaka 1993 zilifika wati 16 hivi, na feni ndogo juu ya prosesa ikawa jambo la kawaida. Kufikia 2004, baadhi ya Pentium 4 zilipita wati 100. Hiyo ni balbu kubwa inayowaka ndani ya kasha!

Feni za wakati huo zilikimbia kwa volti 12 mchana kutwa, kelele tupu. Mafundi wakabuni ujanja: unganisha feni kati ya waya wa njano (volti 12) na mwekundu (volti 5), feni ipate volti 7. Baadaye vikaja vidhibiti vya kuzungusha kwa mkono mbele ya kasha. Mwaka 2004, pamoja na soketi ya LGA775, Intel ilileta feni za waya nne: waya mmoja unaleta amri, kama mara 25,000 kwa sekunde, na ubao mama unaamua mwendo kulingana na joto. Kwa upande wa programu, Windows ilikuwa na SpeedFan, na Linux ina lm-sensors pamoja na fancontrol.

Kwa nini kuhangaika na mwendo? Hesabu ni hii: ukipunguza mwendo wa feni kwa nusu, upepo unapungua kwa nusu, lakini umeme inaotumia unashuka hadi karibu moja ya nane. Kelele nayo inashuka sana.

Sasa turudi Nakuru. Mji uko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Hewa hapa ni nyepesi kuliko ya pwani, pungufu kwa karibu moja ya sita. Feni inasukuma ujazo uleule, lakini hewa yenyewe ni kidogo, kwa hiyo inabeba joto kidogo. Baridi yetu inasaidia, ila hewa nyepesi inakula sehemu ya faida hiyo. Halafu kuna vumbi: udongo wa volkano kutoka upande wa Menengai, na kule Kariandusi, karibu na Gilgil, kuna machimbo ya diatomaiti, unga mweupe laini wa maganda ya mwani wa kale. Kiangazi cha Januari hadi Machi, vumbi huingia kila mahali.

Nimeliona hili kazini. Chama kimoja cha ushirika cha maziwa nje ya mji kilikuwa na kompyuta iliyojizima kila mchana kabla ya lita za siku kuhifadhiwa. Mkulima ambaye lita zake hazikuandikwa atalipwa nini? Walinilaumu mimi wa programu. Tulipofungua kasha, tulikuta feni imefungwa kwenye volti 7 kwa ajili ya utulivu, na mapanga yamevaa koti la vumbi. Tulipuliza vumbi, tukairudisha feni kwenye ubao mama, tukaweka kiwango cha chini cha kuanzia. Ilitulia.

Hicho kiwango ni muhimu. Faili ya fancontrol ina mistari miwili, MINSTART na MINSTOP, kwa sababu feni huhitaji nguvu zaidi kuanza kuzunguka kuliko kuendelea. Feni yenye vumbi huhitaji zaidi. Mipangilio ya kiwandani haijui Menengai wala Kariandusi.

Kwa hiyo ndugu zangu, brashi kwanza, kidhibiti baadaye. Pima joto kazi ikiwa imepamba moto, siyo asubuhi kompyuta ikiwa imelala. Na usipunguze mwendo wa feni kwa sababu tu nje kuna baridi.

Tukutane wakati mwingine.