Ukeshi, Wala Si Utayari

Asubuhi hapa Kisiba watu husalimiana kwa kuulizana usingizi. "Ugonile," anasema jirani akipita na mkungu wa ndizi kichwani, na ukilifasiri neno lile kavukavu amekuuliza kama umelala. Huanzi kumweleza ulivyolala. Unajibu "ndaga", naye anashika njia. Nimeitaja salamu hiyo kwa sababu kijitabu cha semina kilichonifikia mwezi uliopita kinaelekea kuwataka Wakristo wa huku walale moja kwa moja.

Kijitabu chenyewe kinakusudia jema: kumwandaa muumini asianguke majaribu na dhiki zitakapomkuta. Kimeandikwa na kamati ambayo sitaitaja, ila wajumbe wake watajijua. Somo la kwanza linaitwa "Utayari wa Kiroho katika Kukabiliana na Changamoto". Yaani dhiki, neno ambalo vizazi vya Waswahili vimelililia, sasa ni changamoto, sawa na upungufu wa madawati. Hilo nalisamehe, maana ni ugonjwa wa nchi nzima. Utayari silisamehe.

Tulifuatilie neno tayari lilikotoka. Wajuzi wengi wa asili za maneno hulianzisha katika Kiarabu, kwenye kitenzi cha kuruka, kisha hulipitisha kwa Waajemi na Wahindi, huko ambako ndege wa kuwindia walifugwa na wakubwa. Mwewe aliyekwisha kunyonyoka manyoya ya zamani na kuota mapya alikuwa ndege wa kurushwa windoni. Huyo ndiye aliyekuwa tayari. Ni asili tukufu, siibezi. Lakini neno lilipotua pwani yetu ndege hakuwamo tena. Kilichokuwamo ni chakula mezani. Chai tayari. Gari tayari. Kiswahili kikalisukuma mbele zaidi: tayari ameondoka, tayari nimelipa. Limekuwa neno la jambo lililokwisha. Mwambie Mkristo awe na utayari, naye atahesabu aliyoyamaliza: nimebatizwa, nimepata kipaimara, cheti cha semina ninacho. Niko tayari.

Petro naye alikuwa tayari. Katika Luka 22 alitamka mwenyewe, mbele ya wenzake, kwamba yuko tayari kwa gereza na kwa kifo, na neno la Kigiriki lililoandikwa hapo ni hetoimos, ambalo nomino yake Paulo anaivisha miguuni kama viatu katika Waefeso 6. Usiku uleule, bustanini, mtu huyo aliye tayari akasinzia. Mathayo na Marko wanasema alichoulizwa alipoamshwa: kama hakuweza kukesha hata saa moja. Hakuna aliyemwuliza habari za utayari wake. Kabla jogoo hajawika akawa amekana mara tatu. Ningependa kamati inieleze ni kiasi gani zaidi cha utayari kingemsaidia.

Amri ya bustanini ni kitenzi grēgoreō, mtoto wa kitenzi cha kuamka na kufufuka, ambacho ndicho kilicholizaa jina Gregori. Wafasiri wetu wa zamani walikipa neno kesha, na hapo napenda kuvua kofia. Sikiliza ukoo wake: kunakucha, usiku kucha, kukesha, kesho. Kukesha ni kuufanya usiku uche. Ni kuushika mkono giza hadi asubuhi. Tayari haina asubuhi ndani yake.

Na sisi wa Rungwe tuna sababu ya ziada. Wamoravian waliofungua kituo chao hapa mwaka 1891 walitumwa na kanisa lililozaliwa Herrnhut, kijiji cha Ujerumani kilichoanzishwa mwaka 1722 katika ardhi ya Bwana Zinzendorf. Sehemu ya pili ya jina hilo, Hut, ni lindo; mlima ulio jirani ni Hutberg, mlima wa lindo. Wenyeji wake walilisoma jina kwa njia mbili: tuko chini ya lindo la Bwana, na tuko lindoni kwa ajili ya Bwana. Agosti 1727 wanaume 24 na wanawake 24 wakagawana saa za mchana na usiku, kila mmoja akiomba saa yake, na zamu hiyo ikaendelea kwa zaidi ya miaka 100. Mwaka uliofuata likaanza lile neno la kila siku, ambalo limechapwa kitabuni tangu 1731. Kwa Kijerumani linaitwa Losung, jina la neno la siri ambalo askari wa zamu huulizana gizani. Kanisa la namna hiyo kufundishwa utayari ni kumfundisha mvuvi wa Mwaya habari za maji.

Kwa hiyo napendekeza, kwa mara ya tatu, neno ukeshi.

Limeundwa kihalali. Bisha hutoa mbishi na ubishi. Kesha itoe mkeshi na ukeshi. Ubishi kamati inao wa kutosha, sioni kwa nini ukeshi uwe haba. Mkesha halifai, kwa sababu ni jina la usiku mmoja wenye vipaza sauti na chai ya saa nane. Msomi mmoja, ambaye makala yake mwaka jana zilikuwa ndefu kuliko haja, ametetea ukeshaji. Kiambishi hicho kimechoshwa na ofisi: uzalishaji, usafirishaji, ufuatiliaji. Ukisikia ukeshaji unatafuta mlango wa mkurugenzi wake.

Nimeambiwa pia, kikaoni, watu wakacheka, kwamba ukeshi unanuka keshi, na mkeshi atadhaniwa keshia. Waliocheka ndio waliotumia dakika 40 za kikao hicho kujadili posho. Silaumu masikio yao.

Hoja moja tu imeninyima usingizi, nayo haikutoka kwa kamati, ilitoka kwa mama mmoja wa ushirika wetu. "Mwalimu," aliniambia baada ya ibada, "wale wanawali kumi, si wote walilala? Na walioingia arusini wameitwa waliokuwa tayari." Ni kweli. Mathayo 25 ina maneno yote mawili: hetoimoi kwenye mstari wa 10, kesheni kwenye mstari wa 13. Sikumjibu siku ile. Nilimwambia mvua inakuja, na kweli ilikuwa inakuja.

Jibu nimelipata mahali ambapo wachungaji watanivumilia. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti kwa Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938, waliandika habari za abamanga, watu waliosadikiwa kukilinda kijiji dhidi ya wachawi. Hao nao walilala vitandani kama wengine. Ulinzi wao ulikuwa ndotoni: mwili umelala, jicho la ndani liko zamu. Imani hiyo siirudishi. Nachukua sura tu, na si mimi wa kwanza, kwani Kyala alikuwa shujaa wa kuabudiwa kule kando ya Ziwa Nyasa kabla wamisionari hawajalifanya jina lake kuwa jina la Mungu. Wanawali wenye busara walilala wakiwa na mafuta kando. Walikuwa wakeshi waliosinzia, na huo pia ni ukeshi. Mama yule nimempelekea jibu hili. Alisema atalifikiria.

Anayetaka kuona utayari usio na ukeshi ateremke Masoko. Wajerumani walijenga boma la askari juu ya ziwa la hapo, mawe mazuri, lindo zuri. Mei 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Northey yalivuka mpaka kutoka kusini, na kabla mwezi haujaisha Tukuyu ilikuwa mikononi mwao. Wazee husema Wajerumani walitupa silaha na fedha zao ziwani kabla ya kuondoka. Kama ni kweli, utayari wao wote uko chini ya maji, na boma lao tumelifanya mahakama.

Matumizi: ukeshi ni wa ngeli ya U na hauna wingi, mkeshi, wakeshi, "kudumu katika ukeshi", "ukeshi wakati wa majaribu". Utayari waachiwe wapishi na madereva. Rasimu yangu ya somo la kwanza niliipeleka kwa mchapaji Jumanne, na nakala aliyonirudishia imeandikwa "ukeshia" mahali kumi na moja. Kesho narudi Tukuyu na kalamu nyekundu.