Mpapatiko wa Usukani

Katika gereji za Gerezani na Shaurimoyo, jijini Dar es Salaam, neno *kucheza* lina kazi mbili. Fundi aliyelala chini ya Land Cruiser akisema "tairodi inacheza", ana maana kwamba kiungo kimelegea, kimeacha nafasi pale pasipotakiwa nafasi. Dereva aliyesimama kando akisema "stelingi inacheza", anazungumzia jambo jingine: usukani uliotaka kumponyoka barabarani, ukarushwa kushoto na kulia kwa nguvu asizoweza kuzizuia. Mmoja anataja chanzo, mwingine anataja tokeo. Kwa kuwa wametumia neno moja, kila mmoja anaamini kwamba ameeleweka, na mara nyingi gari hurudi barabarani likiwa na kipuri kipya na tatizo lilelile.

Tatizo lenyewe aliyekutana nalo halisahau. Gari liko kwenye mwendo wa 70 au 80, tairi moja la mbele linapiga shimo au kiungio cha daraja, na papo hapo ekseli yote ya mbele inaanza kurukaruka. Magurudumu yanageuka kulia na kushoto mara kadhaa kwa sekunde, bodi nzima inatikisika, na kuukaza mkono hakusaidii. Barabara ikiwa laini tena, hali haitulii. Hutulia pale tu mwendo unapopungua sana.

Wamarekani wenye magari ya Jeep wameipa hali hiyo jina linalotaja kifo. Wahandisi wao walilichukua jina la dansi, *shimmy*, ile ya kutikisa mabega iliyovuma kwao baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Hakuna sababu ya kutafsiri hata moja kati ya hayo. "Mtikisiko wa kifo" ungemtisha msomaji bila kumweleza chochote, na jina la dansi halina kumbukumbu yoyote katika Kiswahili. Kiswahili kina kitenzi *kupapatika*, kinachomfaa kuku aliyechinjwa: mwendo wa kasi, wa kwenda na kurudi, usiotii amri ya mtu. Makala haya yanapendekeza *mpapatiko wa usukani*. Kubaki na *usukani* badala ya *stelingi* nako kuna maana, kwani neno hilo lilitoka kwenye majahazi, likapanda magari, na kila mwenye leseni analielewa.

Uamuzi huo unakwenda na kanuni iliyozoeleka katika kuunda istilahi za Kiswahili, ambayo Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, limeifuata kwa muda mrefu: kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe, kisha katika lahaja zake na lugha nyingine za Kibantu, na kukopa nje baadaye. Mafundi hawakungoja kanuni. *Tairodi*, *bushi*, *shokapu*, *beringi* na *difu* ni maneno yaliyokopwa yakiwa yamefungwa pamoja na vipuri vyake, na yamekaa vizuri mdomoni. Hata jina la Kariakoo, jirani ya gereji hizo, lilizaliwa hivyo, kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza. Kipuri huingia dukani na jina lake. Hali ya gari haiuzwi dukani, kwa hiyo haikuja na jina, na pengo lipo hapo.

Kinachoitofautisha hali hii na mtikisiko mwingine ni namna inavyojilisha. Mtu anaweza kujaribu nyumbani. Achomoe gurudumu la mbele la baiskeli, alishike kwenye ncha mbili za ekseli, mwenzake alizungushe kwa kasi, kisha aliinamishe upande mmoja. Gurudumu halitainama tu, litajigeuza pia kulia au kushoto. Gari lenye ekseli moja ngumu inayounganisha magurudumu mawili ya mbele hufanya vivyo hivyo kwa uzito mkubwa zaidi. Tairi la kushoto likirushwa juu, ekseli inainama na la kulia linainama pamoja nalo. Kuinama kunazaa kugeuka, kugeuka kunazaa kuinama upande wa pili, na nguvu ya kuendeleza mzunguko huo inatoka kwenye mwendo wa gari lenyewe. Viungo vikiwa vimekaza, mzunguko huo hufa mara moja. Vikiwa na nafasi ya milimita chache tu, unapata pa kukulia.

Tairi lisilo na mizani hufanya kazi tofauti. Gurudumu lenye kipenyo cha sentimita 80 likiwa kwenye kilomita 80 kwa saa huzunguka karibu mara 9 kila sekunde, na bonge la tope ndani ya rimu huvuta mara hizohizo. Huo uitwe *mtetemo*, neno ambalo wanafunzi wa fizikia wanalijua tayari. Mtetemo hauhitaji shimo la kuuamsha. Unaanza kwenye mwendo fulani, na dereva akiongeza au kupunguza kidogo, unapungua. Shida ni kwamba mtetemo unaweza kuuamsha mpapatiko. Ndiyo maana gari likifanyiwa balansi hutulia kwa muda, mwenye gari akashukuru, na kiungo kilicholegea kikaendelea kuliwa kimyakimya.

Watengenezaji wa magari waliteswa na jambo hili zamani. Katika miaka ya 1920 breki za magurudumu ya mbele zilienea, na kuanzia 1923 yakaja matairi mapana yenye upepo mdogo. Starehe iliongezeka, na mpapatiko ukaongezeka nayo. Mfaransa Georges Broulhiet aliuandikia uchambuzi mwaka 1925. Kampuni ya General Motors, iliyokuwa na mhandisi Maurice Olley, ilikuja na dawa kubwa zaidi katika magari yake ya mwaka 1934: kila gurudumu la mbele lipande na kushuka peke yake, bila kumwinamisha mwenzake. Magari mengi madogo yanayopita Mtaa wa Msimbazi leo, RAV4 na Prado zikiwemo, yana mpangilio huo. Usukani wake ukitikisika, sababu za kawaida ni matairi, rimu au breki.

Magari ya kazi yalibaki na ekseli ngumu, kwa sababu inastahimili mzigo na barabara mbovu. Land Cruiser za mfululizo wa 70, zilizoanza kutoka mwaka 1984 na ambazo Watanzania huziita Mkonga kwa bomba lao refu la kuvutia hewa, zinayo. Nissan Patrol za zamani, Defender za zamani na Suzuki Jimny zinayo pia. Haya ndiyo magari ya zahanati, ya polisi, ya mashirika na ya watalii. Yanapitia njia ndefu za changarawe, kisha yanakuja Dar es Salaam kutafutiwa vipuri.

Na hapa Kariakoo inaleta ugumu wake. Fundi akitaka kuliendesha gari aone shida, ataliendesha wapi? Msimbazi saa tano asubuhi, kati ya mikokoteni, bajaji na watu, mwendo haufiki hata 20. Kikomo cha maeneo ya makazi ni 50. Gari lililopapatika karibu na Chalinze litapita Gerezani kwa utulivu kamili, na fundi mwaminifu atasema hakuona kitu. Kwa hiyo uchunguzi lazima ufanyike gari likiwa limesimama, na hilo linawezekana kabisa bila mashine yoyote ya gharama.

Njia yenyewe ni hii. Gari likiwa chini kwa uzito wake wote, mtu mmoja anakaa kwenye usukani na kuuzungusha kidogo, kulia na kushoto, bila kusimama. Fundi analala chini na kuweka vidole juu ya kila kiungo, kimoja baada ya kingine. Upande mmoja wa kiungo ukitembea kabla ya upande wa pili, nafasi imepatikana. Kwenye gari la springi za mzunguko, ambazo Land Cruiser 70 za mizigo zilianza kuzipata mbele mwaka 1999, pa kuanzia ni ule ufito unaokatiza kutoka fremu hadi ekseli ukizuia isiteleze kando. Bushi zake hufa, na tundu la bolti hupanuka hadi kuwa na umbo la yai. Kukaza bolti kwenye tundu lililopanuka hakuponyi kitu. Bushi mpya za mpira nazo zikazwe gari likiwa limekanyaga chini, la sivyo zinakaa zimejipinda na kuchanika mapema.

Kisha gurudumu linainuliwa kwa jeki na kutikiswa. Likishikwa pande za kushoto na kulia, linaonyesha hali ya tairodi. Likishikwa juu na chini, kuna mashaka mawili: beringi ya gurudumu au beringi za kingpini, ule mhimili ambao gurudumu hugeukia. Mwenzake fundi akanyage breki. Kulegea kukitoweka, kosa ni la beringi ya gurudumu. Kukibaki, ni kingpini. Dakika moja ya kukanyaga breki inaokoa pesa za kununua kipuri kisichohusika.

Magari yaliyoinuliwa yana jambo lake. Springi ndefu huzungusha ekseli, na ile pembe inayorudisha usukani katikati inapungua. Aliyeinua gari bila kuirudisha pembe hiyo amefanya nusu ya kazi.

Mwisho ndiyo ije dampa, ile shokapu ndogo iliyolala kando ya tairodi. Inauzwa kirahisi, inafungwa haraka, na mara nyingi usukani unatulia siku hiyohiyo. Lakini dampa huufunika mpapatiko, haiuondoi. Ulegevu uliousababisha unabaki palepale, na safari hii umefichwa. Kumfungia mteja dampa mpya bila kukagua viungo ni kumrudisha barabarani na hatari asiyoiona.

Mpapatiko ukianza safarini, mguu utoke kwenye mafuta, vidole gumba vitolewe ndani ya usukani visivunjike, na mwendo upunguzwe taratibu mpaka utulie. Gari lisiongezwe mwendo tena siku hiyo. Na mwenye gari akifika gereji asiseme tu kwamba stelingi inacheza. Aseme ilikuwa kilomita ngapi kwa saa, kama kuna shimo lililouamsha, na kama kupunguza mwendo kidogo kuliutuliza. Kisha, kabla ya kutoa pesa ya kipuri chochote, amwombe fundi amwonyeshe kwa kidole kiungo kilicholegea.