Mto Thames, Mnazi Mmoja na Ramani ya Miji Yetu

Ninapofundisha historia ya miji huwauliza wanafunzi kwa nini London imepangika na sehemu kubwa ya Dar es Salaam haikupangika. Jibu huwa lile lile: wao ni matajiri, sisi ni maskini. Lina chembe ya ukweli, lakini linaficha jambo kubwa zaidi.

London haikupata mpangilio wake ikiwa safi na tulivu. Mwaka 1801 ilikuwa na watu wapatao milioni moja. Kufikia 1901 walizidi milioni sita. Vinyesi vyao viliingia mto Thames, na wengi walikunywa maji ya mto huo huo. Kipindupindu kiliua maelfu, kikaondoka, kikarudi. Kilichowaamsha watawala ni uvundo. Kiangazi cha 1858 mto ulinuka mno hata wabunge, ambao jengo lao liko ukingoni, wakashindwa kukaa kwa amani vyumbani mwao. Miezi haikupita mingi wakapitisha sheria ya kugharimia mifereji mikuu ya majitaka iliyosanifiwa na mhandisi Joseph Bazalgette. Baadaye Sheria ya Afya ya Umma ya 1875 ikazipa mamlaka za miji nguvu ya kuweka kanuni za upana wa barabara mpya na utoaji wa majitaka katika nyumba mpya. Zile safu ndefu za nyumba za matofali ambazo watalii huzipiga picha nyingi zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi, chini ya kanuni za aina hiyo. (Najua London nayo ilibomoa mitaa ya maskini kupitisha reli, sidai kwamba watawala wake walikuwa na huruma.) Tajiri na maskini walinusa mto mmoja, basi.

Dar es Salaam ilianza na swali jingine. Wajerumani walipoifanya makao makuu mwaka 1891, walitoa kanuni za ujenzi zilizotenga nyumba za aina ya Kizungu na vibanda vya wenyeji. Waingereza walipoichukua nchi waliendeleza kanda tatu. Katika maandishi, kanda zilitofautishwa kwa aina ya nyumba, si kwa rangi ya mtu, lakini wakazi hawakudanganyika. Waliziita Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kati ya Uhindini na Kariakoo likaachwa eneo la wazi la Mnazi Mmoja, na hoja iliyotolewa ilikuwa afya. Ugonjwa ule ule uliojibiwa London kwa bomba, huku ulijibiwa kwa umbali. Mtawala aliyeishi penye upepo wa bahari hakulazimika kunusa chochote.

Anayedhani kasoro yetu ni mitaa iliyopinda aende Kariakoo, mtaa uliopata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Barabara zake zimenyooka na viwanja vyake vimepangwa kwa safu tangu enzi za Wajerumani. Rula haikukosekana pale. Kilichokosekana ni mtaro.

Baada ya Uhuru majina ya kibaguzi yaliondolewa katika nyaraka. Tukapata ujazo wa chini, ujazo wa kati na ujazo wa juu, maneno ambayo kila ofisa mipango miji anayafahamu. Ukiiweka ramani ya zamani juu ya mpya, utaona kwamba Oysterbay imebaki na viwanja vikubwa na miti, Magomeni imebaki na viwanja vidogo. Wakati huo huo jiji limekua kuliko mipango yake mikuu ya 1949, 1968 na 1979. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 5.3, na wengi wao wamejijengea wenyewe pasipo kungoja kupimiwa kiwanja. Tunawaita wakazi wa makazi holela, kana kwamba kulikuwa na mpango uliowangoja wakaukataa.

Sasa tuna urasimishaji. Wapima ardhi huingia mitaani, huweka mawe ya mipaka, na wakazi huchangishwa gharama ili wapate hati. Siupingi, hati humlinda mjane na humpa mfanyabiashara mdogo dhamana ya mkopo. Ila nyumba nyingi zinazopata hati hizo bado zinategemea choo cha shimo, na masika yakifika kuna wanaovitapisha vyoo usiku ili mvua ibebe uchafu hadi kwa jirani wa bondeni. Ofisa anayesoma makala hii anaweza kuanza na swali dogo: katika mchoro wa urasimishaji ulio mezani pake, njia ya majitaka imechorwa wapi?