Kikohozi cha tangu utotoni si kifua kikuu daima

KATIKA nchi ambako kifua kikuu kingali tishio, mtu mzima anayetoa makohozi mazito kwa muda mrefu hushukiwa kwanza kuugua maradhi hayo. Hiyo ni tahadhari ya busara. Hata hivyo, makohozi yanapopimwa tena na tena bila viini kupatikana, daktari hana budi kuuliza: kikohozi hiki kilianza lini?

Jibu likiwa ni tangu utotoni, huenda mgonjwa alizaliwa na hitilafu adimu iitwayo ugonjwa wa Kartagener. Jina hilo latokana na Manes Kartagener, daktari wa Uswisi aliyeueleza mwaka wa 1933.

Njia za hewa zina vinywele vidogo mno ambavyo husukuma kamasi, vumbi na viini kuelekea kooni. Mwaka wa 1976, mwanasayansi wa Uswidi, Björn Afzelius, alibainisha kuwa vinywele vya wagonjwa hawa vina kasoro ya kimaumbile. Kwa sababu havipigi ipasavyo, kamasi hutuama, viini huzaana na mirija ya mapafu hupanuka na kuharibika. Mafua yasiyokoma na maambukizi ya masikio pia ni dalili.

Vinywele vya aina hiyo husaidia kupanga viungo vya mtoto angali tumboni. Visipofanya kazi, takriban nusu ya wenye hitilafu hii huzaliwa moyo ukiwa kulia na ini kushoto. Hao ndio wenye ugonjwa wa Kartagener. Nusu ya pili hukohoa vivyo hivyo ilhali viungo vyao viko mahali pa kawaida, na kwa hivyo ni vigumu zaidi kuwatambua.

Picha ya eksirei yaweza kufichua siri hiyo, lakini pia yaweza kupotosha. Anayeona moyo upande wa kulia huenda akadhani picha imegeuzwa, akaigeuza. Inafaa alama ya upande ikaguliwe, na mapigo ya moyo yasikilizwe pande zote mbili za kifua.

Wanaume wengine hugunduliwa wanapotafuta matibabu ya utasa, kwani mikia ya mbegu zao ina kasoro iyo hiyo.

Ili kuthibitisha, wataalamu hupima gesi ya nitriki oksaidi puani, ambayo huwa kidogo mno, huchunguza chembe za pua kwa darubini ya elektroni, au hupima jeni. Mtoto hurithi hitilafu hii aghalabu kutoka kwa wazazi wote wawili, ambao wenyewe huwa hawaugui.

Ugonjwa huu hauna tiba ya kuuondoa kabisa. Hata hivyo, mazoezi ya kutoa makohozi, dawa za viuavijasumu, chanjo na kuepuka moshi huyakinga mapafu. Kila mwaka unaopita bila utambuzi huzidisha madhara yasiyoweza kurekebishwa. Kwa hivyo, unapomwona daktari, mweleze historia ya kikohozi chako tangu utotoni, wala si ya juma lililopita pekee.